Asiyekaa Analeta Kilio: Mama wa Koboko anayefundisha vijana kusema mbele za watu

Saa moja asubuhi, umande haujakauka, Mariam Poni anasimama mbele ya boma la kwanza nyuma ya soko la Koboko. Habishi hodi bado. Anafunga upya gurbaba yake, lile vazi la kujizungushia la akina mama wa Kinubi, anapangusa vumbi miguuni, kisha anamwonyesha kwa kidevu msichana aliye nyuma yake kwamba atangulie yeye.

Msichana ni Santa Ayiko wa Dranya, nje ya mji, umri wake miaka kumi na sita. Leo amebeba mwaliko wa harusi ya Hawah, binti wa Mzee Sulaiti fundi wa baiskeli. Anabisha hodi, anaingia, anavuta kigoda na kukaa. Anawasalimu wakubwa, anauliza habari za mihogo, anauliza habari za mguu wa mama mkwe ambao umekuwa ukimsumbua. Anaomba maji, anakunywa taratibu. Ndipo anasema alichotumwa.

Wanawake watatu wanasuka makawa ya rangi chini ya ukingo wa paa. Mariam ameegemea nguzo ya ua, na ukimtazama utadhani anasinzia. Kumbe hasikilizi maneno ya Santa hata kidogo. Anaangalia mikono ya wasukaji. Ya wawili imesimama, ya wa tatu inaendelea na kazi yake.

Wakitoka nje anamshika msichana bega. "Ile mama ya mwisho wewe hapana pata," anamwambia. "Yeye iko nasuka tu. Nyumba ingine, ngoja mikono yote isimame, ndio taja siku."

Santa anaitikia, "Ndiyo, Haboba," na wanashika njia kwenda nyumba ya pili.

Haboba ni bibi kwa Kinubi, na hapa Koboko jina hilo limemganda Mariam Poni hata kwa watu wasio na undugu naye wala dini yake. Kazi yake ni kualika. Tangu ujana wake huzunguka nyumba kwa nyumba akipeleka habari za harusi, za akika, za kutoa mtoto nje, na siku mbaya zikija, za msiba. Ni kazi aliyorithi kwa mama yake, aliyeirithi kwa mama yake naye, mke wa askari aliyekuja na jeshi kutoka Sudani na kustaafu huku.

Lakini huu ni mwaka wa saba anafanya na kazi ya pili, ambayo hakuiomba: kufundisha vijana kuandaa maneno na kuyasema mbele ya mkutano. Harusi ya Hawah ilikuwa ya kweli na mwaliko ulikuwa wa kweli, ila asubuhi ile ilikuwa pia darasa. Keshokutwa yake Santa alitakiwa kusimama Arua, mbele ya kamati inayopanga mambo ya shule, kuwaombea watoto wa Dranya darasa la saba.

Jambo lenyewe ni jepesi kulieleza na zito kulibeba. Shule iliyo karibu na kwao Santa huishia darasa la sita. Anayetaka kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi lazima apate ndugu mjini wa kumpa mahali pa kulala, na Santa hana. Baba yake amekufa. Tangu amalize darasa la sita amekaa nyumbani miaka miwili akimsaidia mama yake, Filda, shambani, na wazee wa ukoo wameanza kupokea wageni wa kuzungumza mahari. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Msichana asiyesoma, kwa hesabu ya wazee, ni wa kuolewa, na hesabu hiyo ilikuwa imebakiza mwezi mmoja.

Kwa hiyo kamati ikisema ndiyo, Santa anarudi shule. Ikisema hapana, mwaliko unaofuata utakuwa wa harusi yake.

Mariam alianzaje? Ukimuuliza hucheka kwanza, akaziba mdomo kwa ncha ya nguo, maana ana pengo analolionea haya. Mwaka wa 1971 afisa wa maendeleo ya jamii, Bwana Lukumani Fadhul, alianzisha klabu ya vijana Koboko. Kila mwaka kijana mmoja alichaguliwa kwenda Arua, kwenye maonyesho ya wakulima, aeleze klabu yao inalima nini na imepata nini.

Lukumani ni mtu wa kupanga. Bado yupo Koboko, bado anavaa kaptula iliyopigwa pasi hadi inasimama yenyewe, na anakiri bila kinyongo kwamba yeye alijua kuwafundisha vijana cha kusema, si namna ya kukisema. Aliwafundisha kuchagua jambo moja, kulitafutia ushahidi, kwenda shambani kupima na kuuliza, kisha kupanga maneno yafuatane. Walipanga vizuri. Walipofika mbele ya watu walitazama vidole vya miguu yao, wakayasoma yote kwa pumzi moja mithili ya mtu anayefukuzwa na nyuki, wakakaa.

Aliwaambia wawatazame watu machoni, kama kitabu cha mafunzo kilivyosema. Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Kijana wa huku kwetu West Nile, awe wa Kinubi au wa Kilugbara, akimkazia macho mzee, huyo ama ana wazimu ama anataka ugomvi. Mmoja alijaribu, na mzee wa mstari wa mbele akamwuliza mkutano ukisikia, kwani mimi nimekuibia nini?

Siku moja Mariam alipita kwenye klabu kupeleka mwaliko. Aliwakuta wakijaribu, akakaa kungoja wamalize, na alipoona hawamalizi akatoa maoni ambayo hakuulizwa. Alimwambia Lukumani kwamba watoto wake wanaingia nyumba ya watu bila hodi. Akasema pia kwamba wasiangalie macho, waangalie mikono. Mikono haina makosa kuiangalia, na mikono haidanganyi. Mtu anayekusikia kweli, kazi yake husimama.

Lukumani akamwomba arudi wiki iliyofuata. Alirudi, na hajaacha kurudi.

Njia yake haina ubao wala chaki. Kijana anayetaka kujifunza humfuata katika mizunguko yake na kupewa ujumbe mmoja aupeleke nyumba tatu. Ya kwanza ni ya mzee asiyesikia vizuri, ili ajifunze kusema pole pole na kwa maneno machache. Ya pili ni ya mama mwenye mtoto anayelia, ili ajifunze kungoja. Ya tatu ni nyumba ambayo haina uhusiano mzuri na aliyemtuma, na huko ndiko, kwa maneno ya Mariam, mtoto anakuwa mtu mzima. Ujumbe ni uleule, lakini mlango si uleule.

Akiisha kuzipita hizo tatu, hupewa hotuba yake mwenyewe, ile aliyoipanga na Lukumani, na kuambiwa kila jambo ni nyumba. Ingia, kaa, sema, aga, utoke, utembee kidogo ndipo uingie nyingine. Mariam huwatembeza kweli uani kwake, kutoka jiko hadi mlango, kutoka mlango hadi mti wa ndimu. Wengi wao hata wakiwa watu wazima, wakisema mbele ya watu, utawaona miguu inataka kwenda kwenye ndimu.

Na juu ya yote ipo kanuni moja, iliyopatikana kwa aibu. Kanuni hiyo inaitwa Enoch.

Enoch alikuwa kijana wa klabu mwaka ule wa kwanza, mwepesi wa miguu na mwepesi wa kila kitu. Mariam alimtuma Dranya kwa jamaa za Sulaiti, huyuhuyu fundi wa baiskeli, ambaye wakati huo alikuwa anamwoza binti yake mkubwa. Ilikuwa siku ya mpira, na timu ya Onduparaka ilikuwa imepanda kutoka Arua kuja kucheza na vijana wa Koboko. Haraka haraka haina baraka, lakini ya Enoch siku ile haikuwa na hata haya.

Sasa, katika maboma ya huku kuna jambo ambalo hata mtoto mdogo analijua. Mjumbe wa heri huketi, akasalimu, akapewa maji. Mjumbe wa msiba haketi. Husimama mlangoni, hasalimu, na jina la kwanza analolitaja ndilo la maiti. Enoch alisimama mlangoni, jasho linamtoka, akasema, "Mzee Sulaiti," akavuta pumzi ili amalizie kwamba anawaalika Jumamosi.

Hakumalizia. Bibi wa nyumba aliachia mchi na kupiga yowe, majirani wakalipokea, na Enoch kila alipofungua mdomo kusahihisha alikumbatiwa na kubembelezwa asilie sana. Mwisho akakimbia, na kukimbia kwake kukawahakikishia watu kwamba habari ni mbaya kuliko walivyodhani.

Mchana Sulaiti mwenyewe alipita na baiskeli kuja kuona kama mwaliko umefika. Akasikia kilio tangu mbali. Akaitupa baiskeli majanini, akashika kichwa, akaingia akilia kwa sauti kuu pamoja na wenzake, na alikuwa amelia vya kutosha kabla mtu hajamwona ni nani.

"Mimi nauliza, nani nakufa?" anasimulia Sulaiti leo, akiwa na gurudumu la mtu mkononi. "Wanatazama mimi. Hapana mutu najibu."

Enoch sasa ni mtu wa heshima zake, mnadi wa ng'ombe mnadani, na sauti yake hufika mbali. Lakini Koboko hakuna kijana anayeanza kusema bila kukaa kwanza, japo kidogo, ukingoni mwa kigoda. Waswahili husema mjumbe hauawi. Mariam huongeza kwamba hauawi ikiwa anajua kukaa.

Kumtembelea Mariam Poni ni kuitembelea pia Koboko ya jana, na mwandishi wa makala haya hakujizuia kukaa humo kidogo. Ana namna ya kusema "zamani" ambayo haina kilio, ila ina kiu. Zamani harusi ya Kinubi ilichukua wiki nzima, ngoma ya doluka ikipigwa na akina mama hadi viganja vikavimba, na yeye alianza kualika wiki mbili mbele kwa sababu nyumba zilikuwa nyingi na kila nyumba ilitaka akae. Alirudi na sukari imefungwa kwenye ncha ya nguo, sabuni ya mche, kahawa, siku nyingine kuku mzima. Hakuna aliyeziita mshahara. Alilea watoto wanne kwazo.

Siku hizi sukari ni hadithi na sabuni hutafutwa kwa magendo mpakani. Mwenye harusi akimpa chumvi kidogo iliyofungwa kwenye jani, hushukuru kwa moyo, kwa maana anajua ilikotoka. Harusi zenyewe zimefupishwa, na wenye uwezo wameanza kuchapisha kadi huko Arua. Kadi hubebwa na mtu yeyote na kuachwa popote. Lukumani alimletea moja amwonyeshe, ina pambo la maua na pete. Mariam aliigeuza mbele na nyuma, akamrudishia.

"Nzuri," anasema. "Lakini hii hapana weza kuuliza mguu ya mama mkwe."

Binti zake hawakutaka kazi hii, naye hakuwalazimisha. Wapo katika miji ya Arua na Moyo, wana maisha yao. Anaposema hivyo hutazama pembeni kwanza, kisha huendelea na habari nyingine. Mtu hahitaji kuwa mtabiri kuona kwamba anatafuta wa kumwachia, na kwamba Santa, ambaye si Mnubi, si Mwislamu wala si mtu wa mjini, ndiye aliyeushika mkoba wa kazi hii bila kuombwa.

Siku ya mkutano ilipokaribia, walisafiri juu ya lori la tumbaku: Mariam, Santa, Lukumani na mwandishi huyu. Mafuta yalikuwa ya kubahatisha na barabara ya vumbi jekundu, basi ukifika Arua hata ndugu yako anakuuliza wewe ni nani. Walilala Dadamu, nje kidogo ya Arua, kwa binti mmoja wa Mariam, na asubuhi wakaenda kwa miguu hadi ukumbini, Santa akitembea mbele akisema peke yake midomo ikicheza.

Alikuwa amejiandaa. Pamoja na Lukumani alikuwa amepima umbali kutoka Dranya hadi darasa la saba lililo karibu, na kuuliza kila familia mtoto wake aliishia wapi na kwa nini. Pamoja na Mariam alikuwa amezipitia nyumba za hotuba yake zote, jiko, mlango na ndimu. Walibishana jambo moja tu, salamu. Lukumani alizitaka fupi. Mariam alitaka ziwe kamili, salamu za wazee, za akina mama, za kanisa na za msikiti, kwa sababu mtu aliyetumwa na Dranya nzima hawezi kuingia mikono mitupu. Santa alikubaliana na Mariam. Salamu zile ndizo alizozisoma zaidi, ndizo zilizompa ujasiri.

Ukumbi ulijaa. Tangu Kiswahili kitangazwe lugha ya taifa, mikutano ya namna hii huendeshwa kwa Kiswahili, kila mtu na chake alichokokota kutoka kwao, na hakuna anayemcheka mwenzake. Wajumbe wa kamati walikaa nyuma ya meza ndefu. Walipewa chai isiyo na sukari, na kwa mazoea ya miaka mingi wakawa wanaikoroga tu.

Vijana waliotangulia walisalimu. Walisalimu, wakasalimu tena, na mmoja aliwasalimu hata waliokwisha kufa. Mwandishi alimtupia jicho Mariam, kwani nusu ya wale alipata kuwafundisha. Naye akatazama dari, kama mtu aliyeona mbuzi wake shambani kwa jirani.

Zamu ya Santa ilipofika jua lilikuwa la utosi. Alitembea mbele, akakivuta kiti cha wasemaji, akainama ili akae. Mwenyekiti alitazama saa yake. Alimwambia, si kwa ukali bali kwa uchovu, kwamba salamu zimetosha kwa leo na muda umekwisha, asikae, aseme moja kwa moja neno lake na amalize.

Santa akabaki ameinama nusu, mkono kwenye kiti. Huku nyuma Lukumani alifumba macho. Mariam alinishika mkono bila kujua kwamba ni wangu, na nilihisi kucha zake. Kila kilichompa yule mtoto nguvu kilikuwa katika zile salamu, na sasa zimefungiwa mlango. Mwezi ujao wageni wa mahari wanakuja. Nakiri niliona nimechoka ghafla, kama kwamba mimi ndiye niliyekatazwa kukaa.

Santa alisimama wima. Akakirudisha kiti mahali pake.

"Sawa, mzee," alisema. "Basi mimi hapana kaa. Na hapana salimia."

Aliiangalia mikono iliyokuwa juu ya meza, mmoja baada ya mwingine, na vijiko vilikuwa bado vinazunguka.

"Darasa ya saba ya Dranya," akasema.

Mwishoni mwa meza alikaa Mzee Obeti, mjumbe mwenye mvi, mzaliwa wa upande wa Koboko. Kabla hajakumbuka kwamba yuko ofisini, aliinua mikono yote miwili akaiweka kichwani. Aliyekuwa karibu naye akageuka kumtazama, akaelewa, kijiko chake kikasimama. Halafu cha pili na cha tatu. Mama mmoja katikati ya ukumbi alianza kuguna ile sauti inayotangulia kilio, mwenzake akamziba mdomo.

"Hii hapana kufa jana," Santa aliendelea, sauti yake ya chini. "Iko nakufa kila mwaka, watoto wakimaliza darasa ya sita. Naacha watoto. Pasca iko kwa bwana, na mtoto kwa mgongo. Ocama iko napakia tumbaku kwa lori. Medina iko nyumbani nalea ndugu yake. Mimi ndio mtoto ya mwisho. Mambo yangu wazee naongea mwezi inakuja. Mimi hapana kuja hapa kwa sababu nataka nyinyi mulie. Nakuja kusema mazishi bado."

Mwenyekiti aliacha saa yake. Mikono yote ilikuwa imetulia, nami niliiangalia yote, kwa sababu nilikuwa nimeshafundishwa.

Baada ya hapo zikaja nyumba za Lukumani, moja moja na kwa utulivu: umbali, mto unaojaa masika, wazazi walio tayari kutoa kiwanja, mwalimu mmoja wa huko aliye tayari kuongeza darasa. Santa akaeleza kila kitu na kuaga kila nyumba kabla ya kuingia nyingine. Alipomaliza, alikivuta kile kiti, akakaa.

"Sasa nasalimia," alisema. "Watu ya Dranya nasalimia nyinyi."

Mwenyekiti alikohoa, akaitikia salamu, na ukumbi mzima ukaitikia pamoja naye.

Nje, chini ya ukuta, Mariam alimpa Santa maji, akamtazama akinywa hadi tone la mwisho, kisha akatangulia kwenda kwenye lori. Nilidhani amekasirika. Kucheza na msiba si jambo dogo kwa mama aliyeupeleka kwenye milango ya watu maisha yake yote. Tulipokuwa juu ya lori, Santa amelala na kichwa juu ya gunia, ndipo aliponiambia kilichokuwa moyoni.

"Mimi naogopa sana," alisema. "Nasema, huyu mtoto naleta mkosi. Mimi miaka yote nafundisha watoto wasirudie kosa ya Enoch. Huyu nachukua kosa ya Enoch, nafanya nayo kazi." Akamfunika msichana miguu kwa kitambaa chake, na nikaona machozi, naye hakuyaficha.

Jibu la kamati lilikuja baada ya wiki mbili. Si ndiyo ya kuruka majoka, wala si hapana. Mwalimu atapatikana na darasa litatambuliwa, mradi wananchi wasimamishe kuta kabla ya muhula mpya. Filda aliwaendea wazee wa ukoo na kuwaomba wageni wa mahari wangoje hadi ijulikane kuta zimesimama au hazikusimama. Wazee wamekubali. Huku mtu hakatai jambo ambalo limekwisha kutangazwa Arua kama msiba.

Kwa hiyo sasa mzunguko ni wa matofali. Juzi nilirudi Koboko, nikawakuta Mariam na Santa wakipita vijiji vya Dranya, wakialika watu kwenye kazi ya kufyatua na kuchoma. Mzee Sulaiti ametoa baiskeli ya kubebea maji. Enoch ametangaza mnadani, kati ya fahali na ndama, na kila mara, watu wananiambia, huwa anakaa kwanza.

Mbele ya nyumba ya mwisho Mariam alibaki nje. Magoti yamemchosha, alisema, na akajishusha kwenye kisiki kando ya njia. Santa aliingia peke yake. Tulimsikia akibisha hodi, tukasikia kigoda kikivutwa, halafu salamu, halafu swali kuhusu mbuzi aliyezaa mapacha. Ndani kulikuwa na mtu anatwanga. Mchi uliendelea, ukaendelea, kisha ukasimama.

Mariam akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilimwuliza ana mpango gani mwenyewe, kuta zikisimama na Santa akirudi shule. Alisema atamwazima siku za likizo tu, maana shule ndiyo kwanza. Kisha akasema kuna safari moja ambayo ameshamwomba asiikose, hata kama atakuwa ameolewa mbali au amekuwa mwalimu Kampala.

"Siku yangu ikifika," alisema, "nataka Santa ndio azunguke, nyumba kwa nyumba. Mimi nasema kwake, hapana simama kwa mlango, watu yangu wataogopa. Ingia. Kaa. Salimia wote, uliza mguu ya mama mkwe, omba maji, kunywa yote. Ndio sema Haboba amekwenda." Akaangalia mlango ambao Santa alikuwa bado hajatoka. "Siku ile mimi sitakuwa na haraka."